Sahani Nne za Rangi ya Chungwa

Majirani wangu wa Noonkopir walipouliza ninafanya kazi gani, nilikuwa nikijibu kwamba nauza dukani, nikaishia hapo. Ukisema unauza sahani za kurushwa, lazima uanze kueleza, na ukimaliza kueleza mtu anakutazama kwa huruma, kama uliyetapeliwa.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ng'ambo ya Isinya, kulikuwa na uwanja ambao watu walikuja kurusha sahani za plastiki. Mwenye uwanja tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha shule za msingi mpaka akastaafu. Ujanani alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na huko akafunzwa mchezo huo. Aliporudi hakuusahau. Alipopata pesa zake za uzeeni, watu wa kwao Kiambu wakitarajia ajenge nyumba za kupangisha, yeye alinunua shamba la miiba huku Kajiado, akasimamisha vyuma kumi na viwili, kila chuma na kikapu chake, na juu ya kikapu minyororo inaning'inia. Mchezaji anasimama kwenye kibao cha simiti, anarusha sahani yake kuelekea chuma, anaifuata ilikoanguka, anarusha tena, mpaka igonge minyororo na kutumbukia kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Basi.

Wageni walikuwa wamisionari, walimu wa shule za kimataifa, na vijana wa Nairobi wenye magari yao. Siku za katikati ya wiki angeweza kuja mtu mmoja, au asije hata mmoja.

Duka lilikuwa chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani, dirisha lake likitazama kibao cha kwanza. Ndani nilikuwa na rafu tatu. Juu, sahani za kwenda mbali, zenye ukingo mwembamba kama kisu butu. Katikati, za masafa ya wastani. Chini, zile nene za kumalizia karibu na kikapu. Nilikuwa pia na taulo ndogo, kofia, soda, na kalamu za wino usiofutika. Kalamu hizo zilikuwa muhimu kuliko mtu angedhani. Kila aliyenunua sahani, Mwalimu alitaka aandike jina lake upande wa chini kabla hajatoka dukani, kwa sababu sahani hupotea kila siku kwenye vichaka. Zile za kukodisha nazo zilikuwa na nambari. Kwa hiyo sahani isiyokuwa na jina wala nambari ilikuwa na maana moja tu: haijawahi kuuzwa.

Adui wa duka lile hakuwa mwizi. Adui alikuwa jua. Saa nane mchana mabati yalikuwa yakipiga kelele, tah, tah, na chumba kizima kikinuka plastiki iliyochemka. Sahani niliyoisahau karibu na ukuta ilipinda ikawa kama chapati iliyotolewa tavani vibaya. Sahani iliyopinda hairuki sawa. Hizo nilikuwa nikizitia katika katoni chini ya meza. Mwalimu alikuwa amesema kwamba siku moja atajaribu kuzinyoosha kwa maji moto. Siku hiyo haikufika, na mimi nikaanza kuiona ile katoni kama takataka.

Nyuma ya duka kulikuwa na mfereji, yaani bomba la maji, uliotoka kwenye kisima cha pampu. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai, boma lake liko ng'ambo tu ya seng'enge, alikuwa akija na punda wake kila asubuhi kuchota. Yalikuwa makubaliano yake na Mwalimu, ya mdomo tu. Yeye na watu wake wakiokota sahani vichakani wanazirudisha dukani, na maji wanachota bila kuulizwa. Nilimwita yeyo, yaani mama, kwa sababu ndivyo nilivyosikia wengine wakimwita, na kwa sababu alikuwa na umri wa kunizaa.

"Takwenya," angenisalimu kwa Kimaa akifika dirishani.

"Iko," ningejibu, kwa lafudhi yangu ya Vihiga iliyomchekesha kila siku.

Mwaka ule nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa katika kiwanda cha nguo Athi River, na zamu zilikuwa zimeanza kupunguzwa. Kwetu ni mbali, mama yangu hakuweza kuja mpaka mahindi yavunwe. Nilikuwa nikitapika mpaka mwezi wa tano wa mimba, na yeyo alipoona nimekonda alianza kuingia dukani kuniletea maziwa katika kibuyu, yenye harufu ya moshi. Mwanzo sikuweza kuyameza. Baadaye sikuweza kuyakosa. Angekaa kwenye ngazi ya duka punda akinywa, aniambie nisinyanyue vitu vizito, nisile mayai mengi, mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kumzaa. Nilimpa soda, akaikataa. Nilimpa kofia ya duka, akaivaa mara moja, akacheka, akanirudishia.

"Niko na kitu moja nataka," aliniambia siku moja, akionyesha ile katoni kwa kidevu. "Hizo zimeharibika?"

"Zimepinda, yeyo. Haziuziki."

"Vifaranga wangu wanamwaga maji. Bakuli ni ndefu, wanaingia ndani wanakufa."

Nilitoa nne, zote za rangi ya chungwa, nikampa. Sikumwuliza Mwalimu. Haikunipitikia akilini kwamba kuna la kuuliza. Yeyo alizipanga chini ya mtungi, akanishukuru, ashe oleng, akaenda zake. Nilifurahi siku nzima, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimempa kitu.

Pengine ilipita miezi miwili. Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja, nyasi zikawa rangi ya mchanga, na upepo ukawa mkali kila mchana. Jumamosi moja Mwalimu alikuwa na wageni wengi kuliko kawaida, na mmoja wao, mwanamume aliyekuja na familia yake yote, alirusha sahani yake mpya, upepo ukaichukua, ikavuka seng'enge ikaelekea kwenye boma la yeyo. Mwalimu akaniita.

"Twende, mama. Wewe ndiye unaelewana naye."

Tukaenda, Mwalimu, yule mgeni, na mimi nyuma yao na mimba yangu ya miezi saba. Yeyo alikuwa nje ya nyumba yake. Alikuwa tayari ameiokota ile sahani ya mgeni, ameishika mkononi, akitungoja. Mgeni alimshukuru. Ingekuwa imekwisha hapo.

Lakini Mwalimu alikuwa ameinama. Kando ya nyumba, kivulini, vifaranga walikuwa wakinywa maji kwenye sahani ya rangi ya chungwa. Ya pili ilikuwa na unga. Nyingine mbili zilikuwa zimefunika vibuyu.

"Hizi umetoa wapi, mama?" Mwalimu aliuliza.

Yeyo aligeuka. Aliniangalia mimi.

Sijui alinitazama kwa muda gani. Nikikumbuka leo naona kama ilikuwa muda mrefu sana, lakini huenda zilikuwa pumzi mbili au tatu. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, maana jambo lilikuwa langu na mimi nipo. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: ni mimi niliyempa. Nikamwona yule mgeni na mke wake aliyetufuata. Nikamwona Mwalimu, jinsi shingo ilivyomsimama. Nikafikiria zamu za mume wangu, na kodi ya nyumba, na kwamba nilikuwa karibu kuomba ruhusa ya kwenda kujifungua na sikuwa na uhakika kama nafasi yangu itaningoja. Nikatazama chini.

Yeyo alinitazama tumbo. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Nimeokota," alisema.

"Wapi?"

"Huko. Kwa miiba."

Mwalimu akaimwaga ile yenye maji, vifaranga wakatawanyika. Akaigeuza. Chini ilikuwa tupu, imeng'aa, haina hata alama ya kalamu. Akageuza ya pili, ya tatu.

"Hizi hazina jina," alisema polepole, kwa sauti ambayo nadhani aliitumia darasani kwa miaka mingi. "Sahani iliyopotea ina jina. Hizi zimetoka dukani kwangu."

Yeyo alinyamaza. Mimi nikanyamaza. Mgeni akasema kwa Kiingereza kwamba si neno, ni plastiki tu, na hilo nadhani ndilo lililomuumiza Mwalimu zaidi, kuhurumiwa mbele ya watu. Akazikusanya zote nne, akaziweka kwapani, tukarudi.

Ningekuwa nimenyamaza tu, labda leo ningelala vizuri zaidi. Lakini njiani Mwalimu aliniuliza maswali, na niliyajibu.

"Huwa anaingia ndani ya duka?"

"Huwa anaingia kuniletea maziwa."

"Na wewe huwa unatoka? Kwenda choo?"

"Siku hizi natoka sana, Mwalimu. Hii hali."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimeyarudia majibu hayo mara nyingi sana, nikitafuta uongo ndani yake, na sijaupata. Hata hivyo ndiyo yaliyomfanya yeyo kuwa mwizi. Niliyatoa mimi mwenyewe, kwa adabu, nikihema kwa sababu ya mlima.

Jumatatu nilikuta kufuli kwenye mfereji. Yeyo alikuja na punda saa yake ya kawaida. Nilimsikia kabla sijamwona, na nikafanya jambo ambalo mtu mzima haambii watoto wake: nilichuchumaa nyuma ya meza, na tumbo lile, nikajifanya napanga sahani za rafu ya chini. Hakuniita. Nilisikia mkono wake ukishika kufuli, chuma kikagonga chuma mara moja. Baadaye kwato za punda zikageuka.

Tangu siku hiyo alichota maji kwenye bwawa lililokuwa upande wa pili wa barabara ya lami, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, maji yenyewe ya tope na ya kugombania na ng'ombe wa watu.

Na maziwa hayakukatika. Siku ya tatu nilikuta kibuyu kimening'inizwa kwenye seng'enge, upande wetu, kimezibwa vizuri. Siku iliyofuata pia. Nilijiambia kwamba nitakirudisha kimejaa, kwamba siyastahili. Nikayanywa. Niliyanywa yote, kila siku, mpaka ng'ombe wake walipokauka kwa kiangazi, kibuyu kikaacha kuja.

Nilijifungua msichana, katika kliniki ya Kitengela, bila shida. Mwalimu alinipa miezi miwili na akaniahidi kwamba nafasi ni yangu. Ule woga wangu wote, basi, haukuwa na msingi, au labda ulikuwa nao. Sitajua.

Mwezi wa pili wa ruhusa ulipokaribia kwisha Mwalimu alikuja kuniona Noonkopir, amebeba sukari, unga wa uji na blanketi ya mtoto. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimtengenezea chai. Tulizungumza habari za wageni, za bei ya dizeli ya pampu. Kisha akaanza kuzungusha kikombe.

"Yule jirani yetu," alisema. "Nilimwona msichana wake njia ya bwawa. Saa nne asubuhi, siku ya shule, yeye na punda. Nikasimamisha gari. Nikamwuliza kwa nini hayuko darasani. Ananiambia mama yake ameumia nyonga, sasa maji ni yeye. Muhula wote huu." Akakuna kichwa. "Mtoto wa darasa la nane. Mimi nimefundisha hao watoto miaka yangu yote. Nikafika nyumbani nikashindwa kula."

Binti yangu alikuwa ananyonya. Nilitazama utosi wake ukidunda, nikasema kabla sijapata nafasi ya kufikiria.

"Mwalimu, zile sahani nilimpatia mimi."

"Sahani gani?"

"Zile nne. Zilikuwa kwa katoni, zimepinda. Aliniomba za vifaranga. Hakuiba."

Aliweka kikombe chini. "Na siku ile ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kazi."

"Ulidhani nitakufuta kwa sababu ya sahani zilizopinda?"

Tulisikia jirani akifua nje, maji yakimwagwa kwenye mtaro. Nilitarajia aniambie kwamba hangenifuta kamwe. Lakini alikuwa mtu mkweli.

"Sijui ningefanya nini," alisema. "Siku ile nilikuwa na hasira, na wageni wananiangalia. Sijui." Akasimama. Chai yake ilikuwa bado nusu. "Mimi naenda kwake leo. Nitamwambia nilimkosea. Wewe utaenda ukipata nguvu. Lakini utaenda, mama. Hilo siwezi kukufanyia."

Kufuli ilitolewa jioni hiyo hiyo. Mimi nilichukua siku sita zaidi.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda mpaka bomani. Yeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha. Hakushangaa. Alinyoosha mikono, nikamfungua mtoto nikampa. Akamtazama kila mahali, vidole, masikio, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, kumbariki kama wanavyofanya wao, akasema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa. Ndipo nikaanza kulia, na nikiwa katikati ya kulia nikajaribu kuomba msamaha, maneno yakatoka vipande vipande.

Aliningoja nimalize.

"Siku ile nilikuangalia," alisema. "Nilisema sasa atasema. Sasa atasema."

"Najua, yeyo."

"Kisha nikaona umeogopa. Nikasema, huyu akifukuzwa, mtoto atakula nini." Akamwinua binti yangu, akamweka begani. "Sikunyamaza kwa sababu yako. Wewe nilikukasirikia sana. Nilinyamaza kwa sababu ya huyu."

"Na maziwa? Kwa nini uliendelea kuleta maziwa?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Huyu alikuwa amekosea nini?"

Nikamwuliza kuhusu binti yake. Alisema muhula umeshapotea, na shule imesema afadhali arudie darasa kuliko kufanya mtihani aanguke. Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayeeleza kwamba mvua haikunyesha. Wakati huo msichana alitokea mlangoni, mrefu, kitambaa kichwani. Alinisalimu kwa heshima, akainamisha kichwa nimguse kama watoto wao wanavyofanya. Nikamgusa. Mama yake nilikuwa nimemwomba msamaha, na yeye, aliyebeba mitungi, sikumwomba.

Nilirudi dukani, nikafanya kazi pale miaka miwili zaidi. Yeyo alikuja kuchota maji kama zamani. Alinisalimu, nami nikamjibu, na lafudhi yangu haikumchekesha tena, au labda alikuwa ameizoea. Hakukaa tena kwenye ngazi. Nilipomwalika ndani alisema punda ana haraka. Kila sahani aliyookota aliileta akiwa ameishika juu, chini yake kukiwa kumenigeukia, ili nione jina kabla hajafika dirishani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimwomba aache.

"Ni sawa tu," alisema, na akaendelea.

Mwalimu alizeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu warefu. Watoto wake walikata shamba likawa ploti, vyuma vikang'olewa, na mabati ya duka yakanunuliwa na mtu wa kuku. Boma la yeyo lilihama wakati huo huo. Niliambiwa wamerudi kwa ndugu zao upande wa Mashuuru. Mimi nilifungua duka langu la vitabu na kalamu Noonkopir, na nikaendelea kuzaa.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Mashuuru, kwenye harambee ya kanisa, na binti yangu yule mkubwa. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Nilimjua yeyo kwa mbali, kwa namna alivyokuwa akichechemea. Tulisalimiana, akanishika mkono muda mrefu. Alimtazama binti yangu kuanzia juu mpaka chini, akatabasamu.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Amekuwa."

Nikauliza habari za msichana wake. Ameolewa, alisema, ana watoto wawili, yuko mbali upande wa Namanga. Alimaliza shule? Alimaliza darasa la nane. Kisha? Yeyo alitingisha kichwa kidogo. Baba yake alisema amekuwa mkubwa mno kuendelea, kwa vile alikuwa amerudia. Nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Hiyo maneno tulimaliza," alisema, akanipigapiga mkono. "Ilikwisha."

Aliagana nasi akaenda kwa mbuzi wake. Tulipokuwa tukitembea kurudi kanisani binti yangu aliniuliza yule bibi ni nani, na kwa nini amemwangalia vile. Alikuwa na umri wa kuelewa. Njia ilikuwa ndefu, hatukuwa na haraka, na hakukuwa na mtu mwingine wa kutusikia.

"Ni mama mmoja tulikuwa majirani," nikamwambia. "Zamani, nikiwa na mimba yako, alikuwa ananipa maziwa."

Akasema, "Alikuwa mzuri, eh?" nami nikasema ndio, alikuwa mzuri, nikamwambia akaze kamba za viatu, tumechelewa.